Nilivyokula Jua Siku ya Posa ya Binti Yangu

Kuna watu hapa Makorora mpaka leo nikiwapelekea sahani ya chakula wananisubiri kwanza nimeze mimi, ndipo na wao wanawe mikono, na siwalaumu hata kidogo, kwa sababu aibu ile niliifanya mwenyewe, nyumbani kwangu, mbele ya wakwe, tena kwa akili zangu timamu (au tuseme kwa zile zilizokuwa zimebaki). Mwanzoni nilikuwa sitaki hata iguswe. Mtu akianza tu, "Mama Rehema, hivi ile siku...", mimi nimeshakumbuka kuwa nimeacha nguo kwenye kamba. Lakini sasa naona heri niisimulie mwenyewe, maana wanaonisimulia wanaongeza chumvi, na chumvi katika habari hii ilikuwa inatosha.

Kwa wasionijua, mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, ubatizo wa Wasambaa wa kule Duga, popote palipo na sufuria la kubebwa na watu wawili mimi nipo, na kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na kitu. Sasa kazi ya kupika ina adhabu yake, nayo ni kuonja. Unaonja mchuzi, unaonja wali, unamalizia ukoko, unarudi nyumbani na kifurushi, na mwili unapokea tu. Nilipofika miaka hamsini na moja magoti yalianza kulia kama bawaba za mlango wa zamani, ngazi tatu za barazani kwangu nazipanda kwa kushika ukuta, na nikikaa chini kwenye jamvi, kuninyanyua ni kazi ya kuitana.

Ndipo mwanamke mmoja niliyekutana naye harusini Pongwe akanihurumia, akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lile lilikuwa na mtu wanayemwita Mwalimu, sura yake sijawahi kuiona, ni sauti tu, sauti nzuri ya taratibu, kila alfajiri anatuma ujumbe wa sauti. Anasema chakula hakitupi nguvu, chakula kinatuchosha, na ushahidi ni kwamba ukishiba unasinzia (hapo nikatikisa kichwa peke yangu jikoni, maana ni kweli nikishiba nasinzia). Nguvu ya kweli, anasema, iko kwenye jua na kwenye hewa, mwili wa binadamu umeumbwa kama jani la mti, unapokea nuru kwa ngozi, kwa nyayo na kwa macho, ila sisi tumeuziba kwa ugali. Kuna watu huko mbali (hakusema wapi) wana miaka hawajatia kitu mdomoni na wanapanda milima.

Mtu atauliza, mwanamke mzima kama wewe unaaminije? Jibu langu ni magoti. Mtu mwenye maumivu hasikilizi maneno, anasikiliza sauti, na sauti ya yule bwana ilikuwa kama mtu anayekukanda.

Basi nikaanza. Alfajiri naenda ufukweni Raskazone, nasimama peku kwenye mchanga mbichi, jua likichomoza nalitazama mpaka machozi yanatoka, navuta pumzi nikijiambia inaingilia utosini. Nikirudi naweka maji kwenye chupa ya kioo juu ya bati yapate jua, hayo ndiyo ya kunywa. Chakula hakuna. Dafu liliruhusiwa, kwa sababu Mwalimu alisema dafu ni jua lililogeuka maji, na mimi ruhusa hiyo niliipokea kwa mikono miwili, nikawa nakunywa madafu mawili kwa siku, siku nyingine matatu. Leo najua kilichokuwa kinanishikilia ni sukari ya dafu na mafuta ya mwili niliyokuwa nimeyaweka kwa miaka ishirini ya ukoko, lakini wakati ule sifa zote nililipa jua.

Siku tatu za kwanza kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa kuni. Siku ya tano nikaamka mwepesi, nikapanda zile ngazi za barazani bila kushika ukuta, na nikafika juu nikalia. Nikautangazia ulimwengu, yaani kundi. Siku ya saba, Jumanne, Mwalimu akanitaja kwenye ujumbe wake: "Yupo mama mmoja wa Tanga, mpishi, anashinda mbele ya masufuria wala hali kitu. Huyo ndiye mfano wetu." Watu wakanimwagia maua na mikono ya dua, simu ikawa inatetemeka mezani kama kuku aliyechinjwa. Akaongeza kwamba nikifika siku ya kumi na nne mlango wa nuru utafunguka, sitahitaji chakula tena, ila nikionja hata chembe moja ya chumvi mlango unajifunga na nitaanza upya. Nikaahidi mbele ya kundi zima kwamba kumi na nne nitazifika.

Nyumbani nilisema uongo. Mume wangu, Baba Rehema, alidhani napunguza mwili, na mwanamume akiona mkewe anapunguza mwili huogopa kuuliza. Binti yangu wa pekee, Rehema, anayefundisha chekechea hapa hapa mjini, yeye aliuliza, tena kila jioni, na kila jioni nilimjibu, "Nimekula kazini, mwanangu." Mpishi akisema amekula kazini nani atambishia?

Sasa Rehema alikuwa amepata mchumba, Hamza, kijana wa Tongoni, fundi wa mashine za boti, mtulivu, wa kusema maneno matano akanyamaza. Wazee walikwishazungumza, kilichobaki ni wa kwao kuja rasmi na posa, kula kwetu, kutuangalia, na kupanga siku ya nikahi. (Wanaume nao huja, lakini mnajua wenyewe, wanaume hukaa barazani kuyasema yale ambayo wanawake wameshayaamua ndani.) Jumatano mama yake Hamza, Bi Mwanasha, akanipigia simu.

"Dada, Jumapili tunakuja. Tumesikia sifa za mkono wako, basi tunakuja na njaa."

"Karibuni sana, dada yangu."

Nikakata simu nikahesabu kwa vidole. Jumapili ilikuwa siku ya kumi na mbili.

Hapo ndipo palipoharibikia, na ni padogo kabisa. Ningeweza kusema basi, nimefika siku ya nane, inatosha, nianze uji leo ili Jumapili nile na wageni wangu kama watu. Badala yake nikajiambia nitapika, nitapakua, nitazungukazunguka na mabakuli, mwenye shughuli hakosi la kufanya, nani atahesabu matonge yangu?

Jumapili asubuhi jirani yangu Mama Eliza alitoka ibada ya kwanza akaja moja kwa moja uani kwangu kunisaidia. Mama Eliza ni Msambaa wa Lushoto, baba yake aliteremka kukata mkonge wakati yeye bado mdogo, na tumekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na minane. Alinikuta kwenye mbuzi nakuna nazi, nakuna mara tatu napumzika, nakuna mara tatu napumzika.

"Mama Rehema, mkono unatetemeka."

"Usingizi."

"Si usingizi. Vifuu vya madafu naviona jaani kila siku, sahani yako ya kuoshwa siioni. Niambie."

Nikamwambia yote, jani, nyayo, mlango wa nuru. Akanisikiliza akiwa anamenya vitunguu, kisha akasema taratibu, "Sisi Kwaresma tunafunga, jioni tunakula. Nyie Ramadhani mnafunga, magharibi mnafuturu. Sasa hii yako, mwenzangu, magharibi yake lini?"

"Keshokutwa."

"Haya. Mungu akitufikisha."

Tukapika. Wali wa nazi, kuku wa kukaanga, kachumbari, mkate wa kumimina, na pweza wa nazi, ambaye ndiye chakula changu hasa, watu hunifuata kutoka Pangani kwa ajili ya pweza huyo. Ilipokaribia saa sita uani kukaanza kuzunguka, nikamwambia Mama Eliza naingia ndani kujinyoosha dakika tano. Niliamka baada ya nusu saa. Yeye kwa wema wake alikuwa ameshatia pweza chumvi, akapunguza moto, akaenda kwake kubadili nguo za kanisani, akijua kama anavyojua siku zote kwamba mimi siipui sufuria bila kuonja. Nami nikatoka usingizini nikijua kama ninavyojua siku zote kwamba chumvi kwenye pweza natia mimi. Nikatia. Chumvi siipimi kwa kijiko, naipima kwa kiganja, kisha natonesha mchuzi kwenye kiganja hicho hicho nalamba. Siku hiyo nikatonesha, nikautazama mchuzi pale kiganjani, wa manjano, unanukia, mate yakanijaa mdomoni mpaka yakauma, nikakumbuka mlango wa nuru, na ule mchuzi nikaufuta kwenye kanga.

Wageni wakafika baada ya adhuhuri. Wanaume watatu wakabaki barazani na Baba Rehema, wanawake watano wakaingia ndani, wakiongozwa na Bi Mwanasha na shangazi yake Hamza, Bi Tatu, mwanamke wa miaka sabini na ushee, mkavu, mnyoofu, macho yake yanahesabu hata misumari ya ukutani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi? Picha tulizoonyeshwa zina mtu mwingine."

Nikacheka. Nikawapa madafu ya kupozea koo, na mimi nikakaa nao nikanywa langu mpaka tone la mwisho, kwa sababu bila lile dafu nisingeweza kunyanyuka tena.

Masinia yakatandazwa kwenye jamvi. Nikawanawisha, nikasema bismillahi, karibuni. Bi Tatu akafinyanga tonge, akalichovya kwenye pweza, akatia mdomoni, na nikaona taya limesimama. Akameza kama mtu anayemeza dawa. Akanywa maji, akajaza tena, akanywa. Halafu akautazama mkono wangu.

"Mwenyeji, mkono wako mkavu."

"Kuleni, shangazi, mimi nawahudumia."

"Kuhudumia nini, kila kitu kiko hapa. Kaa ule."

Wenzake wakanitazama. Mimi kichwani ninahesabu, leo kumi na mbili, kesho kumi na tatu, na neno likaniponyoka, "Nimefunga, shangazi."

"Jumapili?"

"Nalipa kadha. Zile siku nilizougua Ramadhani." (Sikuwa na deni hata la siku moja. Ramadhani ile nilifunga yote.)

"Mungu akutakabalie," akasema Bi Mwanasha kwa upole, kisha macho yake yakashuka mpaka miguuni pangu, ambako lile dafu langu lilikuwa limekaa na mrija wake. "Lakini dada... si umekunywa dafu nasi sasa hivi?"

Bi Tatu alilirudisha tonge lake kwenye ukingo wa sinia. Wa pili akarudisha lake, wa tatu, wote, matonge matano yamepangwa kwenye ukingo kama mayai.

"Mchuzi hauliki kwa chumvi," akasema Bi Tatu, wala hakupandisha sauti. "Chumvi namna hii mtu huitia kuficha ladha ya kitu. Mwenye nyumba hali. Kaulizwa, kasema kafunga, na dafu kanywa mbele yetu. Mie mtu mzima, haya niambieni nifikiri nini."

Rehema alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, na nguo yake mpya. Alikuwa ameyasikia yote. Hakunitazama mimi, alilitazama dafu.

Nikaona sasa heri ukweli, na ukweli wenyewe nikausema vibaya. Nikaanza na jani la mti. Nikaeleza nyayo na utosi, nikaeleza kwamba tumeuziba mwili kwa ugali, nikatoka nje nikarudi na ile chupa ya maji ya juani ili waione kwa macho. Kadiri ninavyoeleza ndivyo yule mama aliyekuwa karibu na mlango anavyouvuta mkoba wake magotini. Nilipomaliza, Bi Tatu akauliza swali moja tu.

"Na binti naye hula jua? Maana Hamza wetu hula wali."

Damu ikanipanda usoni. Nikasema, "Basi nakula, shangazi. Nakula mbele yenu, mwone kama kuna kitu." Nikapiga goti, nikamega tonge la mtu wa shamba, nikalizamisha kwenye pweza, nikala. Nikala la pili, nikala la tatu, haraka haraka, bila kutafuna. Niseme kweli, chumvi ilikuwa kali kama maji ya bahari, lakini chini ya chumvi ile kulikuwa na nazi na ndimu na pweza laini, na machozi yalinitoka kwa utamu, siku kumi na mbili si mchezo.

Halafu tumbo likakunjika. Jasho la baridi likanitoka, kuta zikaanza kwenda. Nikanyanyuka niwahi uani, nikapiga hatua mbili, ya tatu sikuifika. Nikatapika. Nikamtapikia Bi Tatu, kuanzia begani mpaka kwenye kanga zake za doti jipya, na baada ya hapo nikaanguka juu ya sinia la wali.

Sikuzimia kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe, kwa sababu yote niliyasikia. Nilimsikia Bi Mwanasha akipiga yowe, "Sumu! Jamani katulisha sumu!" Nikasikia mmoja anajitia vidole kooni, mwingine anaita maziwa, maziwa, nileteeni maziwa. Wanaume wakaingia mbio, Baba Rehema ana kiatu kimoja mkononi (mpaka leo hajui alitaka kumpiga nani). Mtaa mzima ukajaa dirishani, watu wakakimbilia dukani na maziwa ya pakiti yakaisha. Mama Eliza akarudi wakati huo huo, ana gauni safi, akawapenya watu, akaona matapishi, akaona matonge, akainama akachota pweza kwa mkono akala mbele ya wote.

"Hakuna sumu hapa! Ni chumvi! Nimetia mimi, na yeye katia tena!"

"Huyo ndiye mpishi mwenzake," akasema mtu dirishani, na hapo wakazidi kupiga kelele.

Tulibebwa kwa bajaji nne mpaka kituo cha afya. Mimi kwenye ya kwanza, kichwa mapajani kwa Rehema, ujumbe wa posa kwenye tatu za nyuma, kila mtu ameshika pakiti lake la maziwa. Watu wa njiani walidhani ni harusi.

Tabibu alikuwa msichana mdogo, wa umri wa Rehema tu. Akanipima presha, akanitoboa kidole akapima sukari, akakunja uso, akatundika dripu. Wakwe wamepangwa kwenye benchi mbele yangu, hakuna hata pazia kati yetu.

"Mama, umekula nini leo?"

"Matonge matatu."

"Na kabla ya hapo?"

Mama Eliza akajibu kwa niaba yangu. "Siku kumi na mbili hajala, daktari. Anakula jua."

Kalamu ikasimama. "Anakula nini?"

"Jua. Na madafu."

Kulikuwa na mzee wa Mwambani pale pembeni, mvuvi, kaletwa na mguu uliochomwa na mwiba wa samaki taa. Akacheka mpaka akausahau mguu. "Mama, kama jua linashibisha, sisi tunaoshinda baharini tungekuwa mapande ya watu!" Benchi zima likacheka, na yule mama wa mkoba naye akacheka, maziwa yakampalia.

Tabibu hakucheka. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba mwili usipopewa chakula unakula akiba yake, kwanza mafuta, kisha nyama yake wenyewe, na moyo nao ni nyama. Kwamba jua halijai tumboni mwa mtu hata likae miaka. Kwamba ule wepesi wa kichwa niliodhani ni nuru ilikuwa njaa. Na kilichonitia hofu zaidi ni aliposema mtu aliyekaa na njaa siku nyingi akishindilia chakula ghafla anaweza hata kufa, hivyo nisitoke mpaka wamepima damu, na nikianza kula nianze na uji mwepesi, kidogo kidogo.

"Na sisi, daktari?" akauliza Bi Mwanasha.

"Ninyi mmekula chumvi nyingi tu. Kunyweni maji mwende nyumbani."

Wakanyanyuka. Bi Tatu amevaa kanga ya kuazima. Alipita kitandani kwangu, akasimama, akaifunga upya ile kanga begani. Wakaondoka, na habari ya siku ya nikahi haikutajwa na mtu.

Rehema alikaa siku nne bila kunisemesha zaidi ya salamu. Siku ya tano aliniletea uji, akauweka, akasema amenipa mgongo, "Wale ni wageni, Mama, uliwadanganya mara moja. Mimi ulinidanganya kila jioni." Uji ule ulinichukua muda kuumaliza.

Kwenye kundi niliandika kwamba nimeanguka, nimelazwa, na daktari kasema hivi na hivi. Mwalimu akajibu kuwa nimeanguka kwa sababu nimegusa chumvi, na kabla sijajibu akanitoa kwenye kundi. Lakini mwanamke mmoja alikuwa ameshauona ujumbe wangu, akanitafuta pembeni. Yuko Mkwaja, ananyonyesha, na yuko siku ya sita. Nikampigia pale pale.

"Mbona wewe uliweza?" akaniuliza. "Mimi nilianza kwa ajili yako."

"Sikuweza, mdogo wangu. Nilikunywa madafu nikadanganya watu, kisha nikaanguka."

Nikamsikia mtoto analia nyuma yake. Mwishowe akauliza kama uji wa muhogo unafaa. Nikamwambia uwe mwepesi, anywe kidogo kidogo, na kesho asubuhi aende zahanati na mtoto. Aliponipigia kuniambia ameenda, ndipo nililala usingizi wa kweli. Maana hasara yangu mimi ilikuwa aibu tu, ila yule angeweza kupoteza mtoto kwa kunifuata mimi.

Baada ya wiki tukaenda Tongoni, mimi na Baba Rehema, kuomba radhi. Bi Tatu alikuwa uani anachagua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha mkeka. Nikamwambia sikuwalisha sumu na Mungu ni shahidi, lakini uongo niliusema, tena nilimsingizia Mungu funga ambayo haikuwa yake, na kwamba binti yangu hana kosa lolote, kosa lote ni langu.

Akaendelea kuchagua mchele.

"Una siku ngapi unakula?"

"Saba."

"Unakula nini?"

"Uji. Na tangu jana wali kidogo."

Akaita ndani, ukaletwa uji wa mchele kwenye kikombe, akanipa. "Kunywa." Nikanywa, yeye ananitazama mpaka chini. Kisha akasema, "Watoto wataoana. Hamza kashanisumbua vya kutosha, yule mtoto sikujua kama ana maneno mengi hivyo. Ila nina sharti. Siku ya harusi hupiki. Hukuni nazi, hupepeti mchele, jiko hulikaribii. Utakaa na wageni, utakula."

Mwanamke aliyepikia nusu ya harusi za mji huu, harusi ya mwanawe wa pekee akae kama mgeni! Nikasema sawa, shangazi.

Siku ikafika, Rehema akaolewa, kapendeza mpaka nikasahau kukasirika. Wapishi walikodiwa, watu nisiowajua, na tangu pilau halijapakuliwa pua yangu ilishaniambia limeshika chini. Nikaketi kwenye jamvi katikati ya Bi Mwanasha na Bi Tatu, wanawake wote wa pande mbili wanautazama mkono wangu. Nikamega, nikala. Nyama ilikuwa ngumu, hiliki imezidi, na harufu ya kuungua haikufichika.

"Vipi pilau, mpishi?" akauliza Bi Tatu.

Nikafikiria kusema tamu. Neno lilikuwa tayari ulimini. "Limeungua, shangazi," nikasema. "Na nyama haijaiva."

Alinitazama, kisha akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka, meno yake machache yote nje. "Afadhali," akasema. "Sasa nimejua unasema kweli."

Magoti bado yananiuma, tabibu kanipa mazoezi na nimeachana na ukoko, natembea asubuhi hadi sokoni na kurudi, jua likiwaka nafungua mwavuli. Na nimeapa kwamba mdomo wangu hautasema tena "nimefunga" nikiwa sijafunga, na nikialikwa kwa mtu nitakula nilichopikiwa, kiwe kibichi, kiwe kimeungua. Siku ile ya harusi nilikula lile pilau lote, na lilipokwisha nikanyoosha sahani niongezwe.